Soksi

Huku viatu huachwa mlangoni.
Watoto mia mbili na kumi na wanne
huteleza kwa soksi kwenye korido ninayoipiga deki,
kimya kama paka wenye siri,
na nyuma yao theluji ya mabuti inayeyuka,
nami nayafuata maji.

Nesi Marjukka haanzi na uso.
Uso, aliniambia, hufunzwa nyumbani la kusema.
Yeye huanzia chini.
Soksi mbili zisizo ndugu: asubuhi ya haraka, si neno.
Soksi za baba, zimekunjwa mara tatu kifundoni:
mashine ya kufulia imeharibika,
ama baba ameondoka akazisahau.
Kisigino kilichotoboka, kikashonwa kwa uzi wa rangi nyingine:
huyu ana mtu.

Chumba chake ni kitanda, mlango, na pumzi kidogo katikati.
Mizani. Ubao wa herufi za kupimia macho.
Mashine ya presha inayonikaba mkono kila Jumanne.
"Chumvi," ananiambia. "Na ugomvi wako na mwalimu mkuu."
Raili wa jikoni huja akidai ameleta supu,
akakaa mpaka supu ikapoa.
Mwalimu mkuu mwenyewe nilimwona mara moja, mlango nusu wazi,
miwani mkononi, akilia kama mtu anayezuia chafya.
Sikuona. Nilikuwa nafagia.

Desemba, kaskazini hii ya Ufini,
jua hupiga hodi nyuma ya misonobari
likaondoka bila kuingia.
Ndipo Veikka wa darasa la tatu alipoanza kuumwa tumbo.
Jumatatu tumbo. Jumanne tumbo.
Nesi hakulibonyeza. Alitazama soksi:
zimelowa chapachapa,
na theluji ya wiki ile ilikuwa kavu kama unga.
Hakuuliza. Alizivua, akazianika juu ya hita,
akampa jozi kutoka droo ya tatu,
za sufu, za kijivu
(mfumaji ni mimi, na hilo lisitoke hapa),
wakacheza karata hadi kengele.
Jumatano hivyohivyo.

Alhamisi Nesi ni wa shule nyingine, kilomita themanini.
Manispaa imemkata vipande kama mkate wa mgawo,
na tumbo la mtoto halisomi ratiba.
Alhamisi ile deki yangu ilikwama kwenye karatasi
iliyosukumwa chini ya mlango wake, nusu ndani, nusu nje:

*Tumbo. Naweza kusubiri mpaka kesho.
Ukinikataza, nani atamlisha Musti?*

Mimi sisomi barua za watu. Nilisoma.
Musti ni mbwa wa marehemu babu yake,
ng'ambo ya ziwa, nyumba isiyowashwa taa tangu mazishi,
na sisi watu wazima, kila mmoja
alidhani mwenzake amemchukua.

Nilipiga simu. Nikasikia gari lake likipunguza mwendo,
kioo kikifutwa, kisha sauti:
"Barafu ina unene gani?"
"Vidole vinne. Na maji juu yake."
Kimya. Nilidhani mtandao umekatika.
"Mwambie Raili akae naye. Wewe zunguka kwa barabara.
Chukua nyama jikoni. Na kamba."

Ijumaa Veikka alikuja na soksi kavu
na tumbo lilimuuma kuliko siku zote.
Alilia kutwa nzima, akimtaja babu kwa jina.
"Sasa ndiyo anaugua vizuri," alisema Nesi,
akafunga mlango taratibu.

Mimi nilirudi kwenye korido yangu.
Kutoka chumba cha mitambo hadi mlango ule
palikuwa na nyayo za matope, nne nne,
za miguu isiyojua soksi.
Nilikuwa na ndoo. Nilikuwa na deki.
Nilianzia upande wa pili.